Mita Mbili, Ua Mmoja

Jumamosi, 7 Juni
Karatasi za fizikia, Kidato cha Tatu. Nimesahihisha arobaini, zimebaki kama hizo. Mkono unauma.

Usaili wa ufadhili wa uzamili ni Ijumaa ijayo, saa nne asubuhi, kwa video. Mwaka jana mtandao ulikatika nikiwa katikati ya sentensi, wakaniandika sikuhudhuria. Ufadhili huu una kikomo cha umri na mimi nakifikia Desemba. Nikikosa safari hii, basi.

Intaneti ipo hapa uani, ila nyumba ya pili. Ni ya Mama Marwa, mke mkubwa; mwanawe alimfungia ili aone wajukuu. Mimi nimepanga kwa Mama Robi, mke mdogo. Marehemu mzee aliwajengea nyumba mbili zinazotazamana, hatua thelathini na nane. Nimezipima.

Jumapili, 8 Juni
Mama Marwa kanipa neno la siri kabla sijamaliza kuomba. Mkarimu sana.

Waifai inafika kizingitini kwangu, inaishia hapo. Mlango wa bati, dirisha la bati, matofali ya kuchoma. Nikikaa mlangoni napata picha nzuri, pamoja na kuku. Nikifunga mlango picha inaganda. Siwezi kufanya usaili na kuku.

Jumatatu, 9 Juni
Nimeamua. Waifai basi, napitisha intaneti kwenye nyaya za umeme. Vidude viwili nilivyoagiza Mwanza vimefika na basi la mchana. Kimoja unachomeka soketi ya kando ya ruta, kingine soketi ya chumbani, na intaneti inapita kwenye waya ule ule wa taa. Fizikia tupu. Nilimweleza Mama Robi nusu saa nzima, nikajiona profesa.

Taa ya kuungana haikuwaka. Nimechomoa, nimechomeka, mara kumi. Haikuwaka.

Jumanne, 10 Juni
Nimemwita Ghati, fundi umeme wa hapa Nkende. Hakufungua hata begi. Alitazama ukuta wa Mama Robi, akatazama ng'ambo.

"Mwalimu, hapa kuna luku mbili. Kila mama na umeme wake. Vidude vyako vitaonania wapi?"

Miaka saba nafundisha umeme. Mita naipita kila asubuhi. Kila mke ana jiko lake, ghala lake, kuni zake, na mimi nikadhani umeme ndio wa wote! Aibu tupu. Namheshimu Ghati kwa kutonicheka.

Dawa yake: waya utoke kwa Mama Marwa, uzikwe ndani ya bomba, uje kwenye soketi moja chumbani kwangu. Kebo ya intaneti ya urefu huo hana, na kuingoja itoke Mwanza ni wiki. Waya wa umeme anao dukani.

Mama Marwa kakubali. Mama Robi kakataa. Kitu cha nyumba kubwa hakijawahi kuingia kwake, hata chumvi. Namwelewa. Nimekasirika hata hivyo.

Jumatano, 11 Juni
Nilimwamkia Mama Robi shikamoo, nikamwambia kwa heshima zote kwamba Ijumaa nitakodi chumba gesti, huko mjini.

Sijawahi kumwona amechukia vile. Mpangaji wake akatafute chumba kwa watu, kana kwamba kwake kumeungua? Akaingia ndani, akatoka na jembe. Nikarudi nyuma hatua mbili. Kumbe anaanza mtaro, mlangoni kwangu.

Mama Marwa aliona. Akachukua la kwake, akaanzia kwake. Nilitaka kusaidia, nikafukuzwa pande zote mbili. Wanawake wa miaka sitini na kitu, ardhi ngumu, na hakuna aliyepumzika kabla ya mwenzake. Nimewahi kuheshimu watu, ila si hivi.

Saa kumi mitaro ikafika katikati ikapishana hatua nzima. Kila mmoja alijilengea mwenyewe, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Wakasimama wanaangalia. Mama Marwa akaanza kucheka. Mama Robi akanuna, halafu akachimba ile hatua iliyobaki.

Alhamisi, 12 Juni
Ghati kapinda bomba pale kwenye kona, kapitisha waya, kafukia. Nikachomeka.

Imewaka. Kijani. Nimekaa naiangalia tu.

Ijumaa, 13 Juni
Dakika hamsini, mlango umefungwa, haikukatika hata mara moja. Waliniuliza nieleze jambo la fizikia nililowahi kukosea. Nikawaeleza habari ya mita mbili. Mmoja alicheka mpaka akavua miwani.

Nilipofungua mlango nilimkuta Mama Robi kwenye kigoda, mgongo kwangu. Alikaa hapo muda wote, asipite mtu.

Jumamosi, 28 Juni
Nimepata nafasi. Nimesoma barua pepe mara nne. Naondoka Oktoba.

Nimemwambia Mama Robi kwamba kabla sijaondoka nitamleta Ghati aung'oe ule waya, nyumba yake ibaki ilivyokuwa. Alikuwa anapepeta ulezi.

"Mwalimu, huo waya si wako," alisema, akaendelea kupepeta.