Mgeni wa Mwezi wa Kumi

Mama Mwende,

Mchungaji akijua nakuandikia barua atanikemea, aseme wafu hawana posta. Mwache aseme. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba neno ambalo halijaandikwa kwenye daftari la kikundi ni kama halijasemwa, na karani ni mimi. Kwa hivyo vumilia mwandiko wangu, jinsi ulivyouvumilia miaka yote hiyo.

Miezi saba imeisha tangu tukuzike. Mwende wako amejifungua msichana wa pili, na wa pili huitwa kwa bibi mzaa mama, kwa hivyo jina lako limerudi nyumbani. Analia kwa nguvu na hapendi kushikwa na watu wengi. Mvua imenyesha vizuri. Ua wa bustani ya kikundi umebomoka upande wa barabara, mbuzi wakaingia wakamaliza sukuma wiki. Zamu ya kurekebisha ua ilikuwa ya Kalekye, na unamjua Kalekye, alisema mbuzi wale ni wa mtu aliyetumwa kumharibia jina. Nilicheka, halafu nikageuka kukutafuta ili tucheke pamoja.

Jana tulikaa kwenye stoo ya kanisa kupanga wageni wa mwaka huu. Ni Januari yetu ya kwanza bila wewe. Nilishika kalamu nikaandika tarehe tu. Nilikuona na karatasi yako ya manila magotini, ukiuliza mwezi huu aje nani, aseme nini, na nani apike muthokoi. Ukimaliza unaibandika mlangoni kwa miiba ya mgunga, kwa sababu pini ulisema ni za kununua na miiba ni ya Mungu. Wanaume wa soko letu la Tulia walitucheka, eti wanawake wa darasa la nne wanaita watu kuwahutubia juu ya nyanya. Lakini wageni walikuja. Alikuja mfuga nyuki, akaja nesi. Mzee yule mwenye duka Kitui mjini alikuja kutufundisha kuhifadhi nafaka, na akabeba debe lake la maji kutoka kisima cha mtoni huku amekunja kanzu hadi magotini.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako. Watu wengine husema mgeni njoo mwenyeji apone, wewe ulisema, "Mgeni hasemi kabla hajachota." Debe moja kutoka mtoni, amwagilie tuta moja, ndipo asikilizwe. Bwana shamba wa viatu vya kung'aa alikataa. Hukubishana naye. Ulikaa chini, na sisi sote tukakaa, tukamwangalia mpaka akalichukua debe mwenyewe. Mwaka uliofuata alikuja amevaa gambuti.

Nazunguka. Wacha niseme nilichokuja kusema.

Unaukumbuka mwaka wa njaa, ule wa mahindi ya njano. Mbegu ya kunde ya kikundi ilikuwa kwenye vibuyu vitatu, imechanganywa na majivu: kimoja kwako, kimoja kwa Kalekye, kimoja kwangu. Tuliapa mbele ya wenzetu kwamba hata tukila ngozi, vibuyu havifunguliwi mpaka mvua ya Oktoba. Mwezi wa nane Mutua wangu aliacha kulia. Mtoto akilia njaa, mama ana nguvu ya kumdanganya. Akinyamaza, hana tena. Nikafungua kibuyu. Nilipika vikombe viwili, kesho yake viwili tena, na kufikia mwezi wa tisa hakikuwa na kitu. Nikashuka mtoni, nikakijaza mchanga ili uzito uwe uleule, nikakiziba vizuri na kukining'iniza tena juu ya jiko.

Ulipokuja kukusanya vibuyu ulikipokea kwa mikono miwili ukasema asante. Nilingoja. Kesho yake hukusema kitu. Siku ya tatu ukatuma neno kwamba upandaji umeahirishwa, bado unachagua mbegu. Baada ya wiki moja tukapanda, na mbegu ilikuwepo. Yetu ilikuwa nyekundu. Ile ilikuwa nyeusi. Hakuna mtu aliyeuliza. Mimi niliinamia shimo langu, nikadondosha punje mbili mbili, nikijua kwamba unajua.

Miaka kumi, Mama Mwende. Miaka kumi sikukaa tena karibu nawe kanisani. Ukisema kitu kikundini, mimi nilikuwa wa kwanza kukipinga. Ulipougua watu walikesha kwako kwa zamu, na mimi nilikuja mara mbili tu, mara ya pili nikasimama mlangoni nikasema nimeacha maziwa motoni. Sikuwa na maziwa motoni. Nilikuwa naogopa kwamba utaniambia, na naogopa zaidi kwamba hutaniambia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kunde. Watoto wangu walikula, sitatubu kwa hilo. Lakini ulikufa nikiwa nakukimbia.

Tena ulinitega. Karatasi ya mwaka jana uliiandika ukiwa mgonjwa tayari, na hukumwonyesha mtu mpaka ulipoibandika mlangoni. Mwezi wa tisa, mgeni Mama Kioko kutoka Nunguni. Mwezi wa kumi, mgeni Mama Mutua, mada mbegu. Mimi! Nilikuja kwako kwa hasira, hiyo ndiyo mara ya kwanza kati ya zile mbili, nikakuambia mimi si mgeni, futa jina langu. Ulisema tu, "Utachota kama wengine."

Nilidhani ni hukumu. Nilidhani umengoja miaka yote hiyo ili nisimame mbele ya watu na kuaibika.

Tukakuzika mwezi wa sita. Mwezi wa tisa Mama Kioko akaja, mwanamke mnene mwenye maneno machache, akachota debe lake na kuzungumza vizuri juu ya mbolea ya samadi. Alipopita kwenye tuta la kunde aliokota ganda moja lililokauka, akalipasua, akaangalia zile punje nyeusi, akatabasamu peke yake. Jioni nilimsindikiza stendi. Nikamuuliza alichekea nini. Akaniambia hizo ni kunde za kwao. Akasema mwaka wa njaa mwanamke mmoja kutoka Kitui alishuka Nunguni na cherehani kwenye keria ya basi. Hakumjua mtu yeyote pale. Alizunguka nayo kichwani sokoni akitafuta mwenye mbegu, mpaka wakakubaliana, cherehani kwa madebe mawili ya kunde. Mama Kioko alimuuliza kwani huko kwao hawaweki mbegu.

"Akaniambia, 'Vibuyu vitatu vimelisha watoto. Sasa natafuta cha kulisha udongo.'"

Nilimuuliza kama alisema vitatu. Akasema vitatu.

Basi likaenda na mimi nikabaki pale nimesimama. Cherehani. Ulituambia umeipeleka kwa fundi Machakos, nasi tulikutania miaka yote, eti fundi amekufa nayo mkononi, na wewe ulicheka nasi huku unashona yunifomu za watoto kwa sindano ya mkono. Na vitatu. Cha Kalekye, ambaye angemla mbichi mtu aliyefungua kibuyu. Na chako. Hata wewe, Mama Mwende. Ulijaza nini chako? Au hukujaza kitu, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuja kukichukua? Nimekukasirikia sana kwa kunyamaza. Ungesema neno moja tungelia pamoja siku moja, yakaisha. Lakini najua pia kwamba ungesema wakati ule, ningekuchukia.

Mwezi wa kumi ukafika. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumza juu ya majivu na dumuzi, yule mdudu wa ghalani, maneno ya salama. Nikashuka mtoni na debe. Nilipoinama kuchota nikaona ule mchanga, uleule, safi umetulia chini ya maji. Nikajua majivu na dumuzi hayatasemwa siku hiyo.

Nilimwagilia tuta. Nikasimama mbele ya wanawake kumi na saba na nikasema habari ya kibuyu changu. Changu tu, cha mtu mwingine sikukitaja.   Nilipomaliza nilimwangalia Kalekye, kwa sababu nilijua kelele itatoka upande ule.

Kalekye alikuwa anaangalia mikono yake. Akasema polepole, "Wewe uliweka mchanga. Mimi niliweka kokoto."

Halafu akaanza kucheka, na kucheka kwake kukageuka kilio, nikaenda nikamshika. Ndipo nikawaambia habari ya Nunguni na cherehani, na kibuyu cha tatu. Wanawake walilia kuliko siku ya mazishi. Sala haikuombwa. Kalekye ndiye aliyeinuka kwanza, akachukua debe akashuka mtoni, na mmoja mmoja tukamfuata, tukamwagilia bustani yote mpaka giza likaanza kuingia. Kesho yake mvua ikaja, kwa hivyo tulichota bure. Ungetucheka.

Sasa nikuage, karatasi inaisha.

Tumekubaliana jambo na nimeliandika kwenye daftari. Njaa itarudi, haijawahi kutusahau. Ikirudi, mwenye kibuyu atakuja kusema kwanza kabla ya kuinjika sufuria, na hakuna atakayemwuliza zaidi ya idadi ya watoto wake. Hiyo ni ahadi yetu sote. Vibuyu sasa ni vinne. Cha nne kimening'inizwa kwa Mwende, na mdogo yule mwenye jina lako amelazwa chini yake.

Yangu mimi ni hii. Karatasi ya mwaka huu niliibandika jana kwa miiba, mistari imepinda, utanisamehe. Mwezi wa kumi nimeandika, mgeni Mama Mwende. Mada nimeiacha wazi, kwa sababu wewe hukupenda kujisema. Kalekye aliuliza utakujaje, na sheria ni sheria, mgeni hasemi kabla hajachota.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Lala salama, rafiki yangu. Nitakuchotea mimi.

Mama Mutua