Kinanda Hakikamuliwi

Mpendwa Bi Mwanvita, shikamoo.

Naomba unishike mkono, mama yangu, maana nina furaha mpaka naogopa, na sijui kama kuna mtu aliwahi kukuandikia kwa sababu mambo yake yamemnyookea. Mimi ni kijana wa Mgeta, juu milimani, sasa nakaa Mazimbu, na jina langu nakuomba usilitaje hewani. Kwanza namshukuru Mungu, halafu nawashukuru wanakwaya wenzangu wa parokia walioimba kila nilichowatungia hata vile vibovu, halafu namshukuru dada Joyce, mwongozaji wa michezo ya jukwaani kutoka Dar, ambaye alisikia nyimbo zangu kwenye harusi moja Mlali akaniambia nizifanye mchezo mzima, watu waigize huku wanaimba, nami nikaufanya, na Jumamosi hii unaonyeshwa ukumbini hapa Mazimbu, na kuna watu wa Dar wanakuja kuutazama ili wakiupenda waupeleke kwao.

Mchezo wenyewe unahusu kijana mtunzi wa nyimbo anayehangaika mpaka atoke kimaisha, na kijana huyo ni mimi, sikufichi. Basi dada Joyce alipousoma akasema ni mzuri ila hauna adui, "Mtu akihangaika lazima awepo anayemhangaisha, la sivyo watu watasinzia," nami nikafikiri sana ni nani aliyewahi kunihangaisha, na Bi Mwanvita, sikumpata mtu, ila nikamkumbuka mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye aliyenilea, na unajua kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Padri wetu alipohamishwa aliniachia kinanda kidogo, nikawa nakipiga ndani mchana kutwa mpaka mjomba akachoka, akasimama mlangoni na ndoo ya maziwa akasema, "We mtoto, kinanda hakikamuliwi! Mbuzi anakamuliwa. Kabeji inaliwa. Hicho chako kinatoa nini?" akanitoa mimi na kinanda changu akanipeleka kwenye banda la mbuzi. Hayo nimeyaweka kama yalivyo, nikayatungia wimbo, kwaya nzima inaitikia kwa sauti za mbuzi, na huo ndio wimbo uliotoka vizuri kuliko zote, wanafunzi wa chuo hapa wanauimba mpaka kwenye foleni ya chakula. Halafu mjomba wa jukwaani nikamzidisha ubaya, kuelekea mwisho anakitupa kinanda mtoni na kijana anaondoka peke yake kwenda kutafuta maisha.

Sasa mjomba wangu mimi hakutupa kitu. Yule mzee, kabla hajanipeleka bandani, aliwatoa mbuzi wake akawahamishia jikoni kwake, akafagia, halafu akashusha sola iliyokuwa juu ya nyumba yake, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimwashia redio, akaipandisha juu ya banda ili kinanda kipate umeme, na kila asubuhi akipita anagonga ukuta, "Umelala na harufu ya mbuzi, haya, wimbo uko wapi?" na nyimbo zote nilizitungia mle. Hilo halimo mchezoni kwa sababu dada Joyce alisema mtu akisaidiwa nani atamwonea huruma. Hata leo sola iko kule kule bandani, mama akimwambia airudishe nyumbani anasema, "Iache, huenda akarudi na wimbo mwingine kichwani."

Shida yangu ni hii, mjomba amesikia kwamba ameandikwa kwenye mchezo, ila hajui ameandikwaje. Jumapili alisimama baada ya misa akawatangazia watu, ameshonesha shati jipya, na wanateremka wote na fuso la kabeji la Eustace, ambaye ni mtani wa ukoo wetu. Eustace alipita mazoezini juzi, akausikia wimbo ule, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akafuta macho akaniuliza, "Na mjomba'ako kashausikia huu?" Nikimwambia dada Joyce tuuondoe wimbo, mchezo umekufa na wageni ndio hao wanakuja, nikiuacha, mjomba atakaa mstari wa mbele na shati lake ajione anavyochekwa na ukumbi mzima, na majirani zake wako kando yake. Nimefikiria kumwomba Eustace aseme gari limeharibika. Nifanyeje, mama? Nakushukuru hata kwa kunisikiliza tu, Mungu akubariki.

Mtunzi, Mazimbu

*Bi Mwanvita anajibu:*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Kutoka banda la mbuzi mpaka ukumbini si jambo dogo. Nimecheka peke yangu hapa studio mpaka fundi mitambo akachungulia kuuliza kulikoni. Furahi, una haki ya kufurahi.

Sasa nikugombeze. Gari la Eustace lisiharibike. Mzee aliyewaingiza mbuzi jikoni kwake kwa ajili yako humdanganyi kwa pancha. Barua yako nimeirudia mara mbili. Umemshukuru Mungu, umewashukuru wanakwaya, umemshukuru Joyce, hata mimi ambaye sijakusaidia lolote umeniombea baraka. Mjomba wako umemsimulia tu. Ahsante yake iko wapi? Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na wewe mateke yako umeyatia muziki.

Usinisingizie Joyce. Joyce anaifanya kazi yake, na ni kweli watu hawaendi ukumbini kutazama mtu aliyestarehe. Lakini yeye mjomba wako hakumjua, wewe ndiye uliyemtoa. Ulitafuta adui ukamkosa! Mwenzio angepiga goti akashukuru, wewe ukaenda kumwazima aliyekulea.

Tena kuna kosa jingine, na nashangaa Mluguru mzima kulifanya. Tangu lini mtoto wa dada akamwiga mjomba wake mbele za watu? Kuiga ni kazi ya mtani. Si ndiye anayevaa koti la marehemu msibani, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka? Hakuna anayenuna, ni haki yake. Na mtani mnaye, ana gari, na wimbo keshausikia. Alipokuuliza lile swali alikuwa anakukumbusha, nawe ukadhani anakutisha.

Kwa hiyo sikiliza. Panda mlimani na Eustace leo hii. Mkifika, shikamoo kwanza, na ifuate ahsante, ile uliyoisahau, yenye mbuzi na sola na kila kitu ndani yake. Kisha Eustace achukue ndoo, asimame mlangoni, amwimbie mzee wimbo huo mwanzo mpaka mwisho, na sauti za mbuzi utoe wewe. Akicheka, umepata ruhusa, na mtu aliyekwisha kucheka nyumbani kwake hata ukumbi mzima ukicheka hatahisi vibaya. Asipocheka, wimbo hauimbwi, hata kama hao wageni wa Dar watakuja kwa ndege.

La mtoni litoke, acheke asicheke. Ni uongo, na si uongo mzuri hata kwa mchezo. Mwambie Joyce hivi: mimi si mtu wa jukwaa, ila macho ninayo. Huyo mzee aliyegomba kutwa, apande juu ya nyumba yake mbele ya watu wote. Redio yake inaimba. Achomoe sola, redio inyamaze katikati ya wimbo, ashuke nayo kimya kimya, na kule bandani kinanda kianze kulia. Asiyetokwa na chozi hapo ana shida nyingine, naye aniandikie.

Jina lako sikulitaja, kama ulivyoomba, ila mbuzi, kinanda na fuso la kabeji vimekutaja. Barua nimeisoma hewani makusudi. Mjomba wako hajaisikia, hilo nina hakika nalo, maana redio yake haina umeme. Lakini majirani zake wanazo redio, na muda huu kuna mtu kule Mgeta keshavaa viatu kwenda kumpasha habari. Mtangulie.

Na kabla hujateremka, panda juu ya lile banda, ishushe hiyo sola, uirudishe juu ya nyumba yake kwa mikono yako mwenyewe. Kesho nitamsalimia hapa hapa, saa hizi hizi, na nataka anisikie.