Ukuta wa Mimea na Maandazi ya Gunvor

Maj, uko? Nimejiaibisha mbele ya idara nzima.

Si unaujua ule ukuta wa mimea wa Profesa Gunvor? Leo katusomea matokeo: eti wanaokaa karibu nao msongo wao wa mawazo umepungua, kwa hiyo chuo kijenge kuta nyingine nne kama huo. Makofi!

Mimi nikaropoka: "Mashine ya kahawa ilihamishiwa pale lini?"

Gunvor akanijibu, Maj:

"Wiki hiyohiyo. Kwani vipi, Tuva?"

"Basi huenda kinachowatuliza ni kahawa na maandazi ya mdalasini yanayowekwa hapo, si majani."

Akacheka. "Hebu njoo ule kwanza."

Nimemuuliza msafishaji maandazi huletwa na nani. Gunvor mwenyewe! Siku za kupima msongo TU!

Na mimi nimeshakula matatu. Nimetulia kweli.