Betri Imejaa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: moto katika nyumba ya kupanga
Jina: limehifadhiwa, mtaani huitwa Bi Chapa
Umri: miaka 67
Kazi: mpiga chapa mstaafu
Makazi: chumba na sebule, nyuma ya kiwanda cha magodoro

Naishi peke yangu tangu mume wangu afariki. Nimekuja kituoni bila kuitwa, baada ya kusikia kwamba fundi wa kompyuta amewekwa ndani. Mwanangu, anayeishi mji mwingine, alipiga simu hapa akasema fundi aliambiwa betri imevimba akapuuza. Mwanangu hakuwapo. Nieleze mimi niliyekuwapo.

Mwezi wa pili kompyuta yangu mpakato ilianza kugoma kuchaji. Waya umechomekwa, taa ya njano inawaka, asilimia hazipandi. Nilimpigia fundi. Aliniambia nijaribu soketi nyingine, niguse chaja kama ina joto, kisha niizime kompyuta, nichomoe waya na kushikilia kitufe cha kuwashia hadi thelathini. Tulihesabu pamoja kwenye simu. Ikachaji. Baada ya siku mbili ikagoma, nikapiga tena. Ikawa kila asubuhi nikipiga ananiuliza:

"Bi Chapa, mgonjwa wetu kaamkaje?"

"Kawekewa waya mdomoni, hataki kula."

"Mlete basi nimpime betri."

"Nitamleta."

Sikumpeleka. Afande ameniuliza sababu, nikajibu kuwa ni mbali. Naomba jibu hilo lifutwe. Karakana iko mtaa wa pili. Kompyuta ingepona nisingekuwa na la kumpigia simu, na siku nyingine sauti yake ndiyo pekee niliyoisikia.

Mnamo tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi, nilikuta kompyuta imeinuka katikati. Vitufe vya herufi havikai sawa na mfuniko haufungi. Nilimpigia nikasema, "Fundi, betri imejaa." Kwetu mguu ukivimba tunasema umejaa. Ndilo neno lililonijia.

Fundi alicheka kwa furaha. "Imejaa? Basi kapona, mama. Usichomoe, iache kwenye umeme saa moja zaidi tuone kama inashika."

Yeye alielewa kuwa imejaa chaji. Mimi nilidhani amesikia uvimbe, na kwamba hiyo ndiyo dawa yake. Nilishangaa kidogo, lakini yeye ndiye fundi. Niliiacha.

Nikiwa uani naanua nguo nilisikia mlio kama wa mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji, kisha nikaona moshi mweupe dirishani. Niliingia nikaishika kompyuta niitoe nje. Ikaniunguza mkono wa kulia, nikaiangusha chini ya pazia. Jirani yangu mshonaji alikata umeme na kuuzima moto kwa mchanga. Pazia, meza na sehemu ya dari viliungua. Hakuna mwingine aliyeumia.

Mshonaji ndiye aliyemwita fundi. Alipofika aliinama kwenye mabaki, akaniuliza, "Mama, ilikuwa imevimba?"

Nikamjibu, "Si nilikwambia imejaa?"

Alikaa chini mlangoni. Majirani waliokuwa wamejaa uani walilisikia jibu langu, na ndilo lililomfikia mwanangu.

Fundi hakupuuza. Alijibu neno alilolisikia, na neno lilitoka kinywani mwangu. Betri ile ilikuja na kompyuta yenyewe, hajawahi kuigusa. Naomba aachiwe. Niliyoyasema ni haya, kwa hiari yangu, na sina la kuongeza.

Sahihi: alama ya dole gumba la kushoto (mkono wa kulia umefungwa bendeji)

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa maelezo yake na kukubali kuwa ni sahihi. Kwa sababu ya hali ya mkono wake aliombwa namba ya ndugu au jamaa wa kuja kumchukua. Alitaja moja kwa kichwa, bila kusita. Ilipopigwa, simu iliita kwenye droo ya kaunta, kati ya vitu vya fundi vilivyohifadhiwa. Alipoulizwa kama ana namba nyingine alisema hana, akaomba asubiri kwenye benchi.