Taa ya Laini ya Stoo

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe na shemeji, na natumaini mgongo wake umepata nafuu. Mimi mwili mzima, moyo ndio unaoumwa. Wanasema barua ni nusu ya kuonana, lakini safari hii, dada, nusu hiyo haitatosha. Ningekupigia, ila simu zote za hapa hupita kwenye bodi yangu, na kuna mtu sitaki asikie. Barua hii nimempa dereva wetu aje nayo.

Kazi yangu unaijua: kukaa mapokezi mbele ya bodi ya simu, kuunganisha watu na kuvumilia kelele za meneja. Sasa ameniongezea nyingine. Wateja wanalalamika kwamba kila wakipiga hawapati laini, naye anataka kujua zipi zinatumika kweli na zipi zimelala tu, zikatwe. Basi nashinda nikitazama vitaa. Simu ikiinuliwa chumba fulani, taa yake huwaka, ikirudishwa, huzimika. Nimeshajua nani anambembeleza nani humu ofisini, lakini hayo tutacheka siku nyingine.

Taa ya stoo ikaanza kuwaka mchana, watu wote wakiwa wametoka kwenda kula. Ni stoo ile ile aliyoitunza baba mpaka kufa kwake; haijafunguliwa tangu tumzike. Nilidhani kuna mjanja kajipatia ufunguo anaongea na mchumba wake bure. Nikamchukua mlinzi tukaenda kumfuma. Kufuli lilikuwa limejaa vumbi. Ndani, simu ya baba ilikuwa juu ya rafu, waya wake umeviringishwa, haukuchomekwa popote. Mlinzi akasema hakuajiriwa kulinda mambo ya namna hiyo, akaondoka zake. Niliporudi kwenye bodi, taa bado ilikuwa inawaka.

Fundi wa simu alisema bodi imezeeka, afadhali laini ile aikate kwenye mtambo wenyewe. Nikamzuia. Nikamwambia meneja laini hiyo inatumika, iachwe. Dada, nilidanganya kwa kuwa nilishaona inakopiga. Bodi huonyesha namba, na namba ilikuwa ya nyumbani, kwa mama.

Na mama alikuwa amebadilika. Ulimwacha hali wala hanywi. Akaanza kupika, kusuka nywele, kumwimbia binti yako uliyemwachia amlee. Nilipomuuliza alinijibu bila kuficha kwamba baba humpigia mchana, kama zamani akiwa kazini. Nikajisemea, kama huu ni wazimu, basi ni wazimu unaomlisha mama yangu, mimi ni nani niukate? Niliogopa, lakini nilifurahi zaidi.

Jana niliingia kwenye laini ile. Ndivyo tufanyavyo sisi wa bodi: taa ikikawia kuzimika tunasikiliza kidogo, huenda mtu kasahau kurudisha mkono wa simu. Upande wa stoo palikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza. Upande wa pili mama alikuwa akicheka. Alisema hata yeye amechoka kusubiri, yuko tayari. Akanyamaza, kisha akajibu kwamba mjukuu hana wa kumwachia. Akanyamaza tena, muda mrefu. Halafu akasema haya, basi, atakuja naye.

Nilimwita fundi akaikata pale pale, nami nikakimbia nyumbani. Mama nilimkuta ameketi mlangoni, amevaa nguo zake nzuri. Nilipomchukua mtoto hakunizuia. Alimfunga viatu mwenyewe, akaniambia kwa upole kwamba nimechelewa kukata simu, mtoto ameshaongea na babu yake na njia anaijua. Nimemwomba jirani asimwache mama hata kidogo.

Njoo umchukue mwanao, dada, umpeleke mbali na simu yoyote. Usingoje ruhusa ya kazini. Naandika hapa mapokezini, maana sina wa kumwachia, nikiwa nimembeba mgongoni kama mtoto mchanga, ingawa ni mkubwa wa kukimbia, kwa kuwa kila nikimteremsha anaelekea stoo. Halii. Ananipapasa bega na kunibembeleza nisiogope, maana babu amesema mama mdogo naye ametengewa nafasi.

Nisalimie shemeji, na uje upesi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba