Laptopu Imewaka, Mkamwana Hajarudi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla nyumba haijanibomokea. Mimi ni mpiga chapa, nawaandikia watu barua na mikataba, na laptopu ndiyo jembe langu, sasa Jumatatu asubuhi niliiwasha ikagoma, ikabaki na skrini nyeusi na maneno meupe mawili matatu, nikaizima nikaiwasha mara tisa, nikaipuliza, nikaipangusa, nikaipiga kofi dogo la mama kwa mwana, wapi, na kwa kuwa Jumapili mkamwana wangu aliiazima kuandika barua ya kuomba kazi, nikamwita mbele ya jirani na mawifi zake nikamwambia ana mkono wa nuksi, kila anachogusa kinakufa, naye akafunga mkoba akaenda kwao, na mwanangu tangu siku hiyo ananisalimia kama karani wa posta. Jumatano akaja fundi, akaitazama ubavuni, akachomoa flashi, ikawaka. Flashi ni yangu, niliichomeka mwenyewe asubuhi ile. Nilimsihi fundi aseme ni virusi, akanijibu, "Mama, mimi natengeneza kompyuta, ushahidi sitengenezi." Nifanyeje arudi bila mimi kuaibika?

Mama Mkwe Mwenye Wasiwasi

Mama Mkwe,

Pole. Hiyo ni ya mkamwana wako. Yako nitaitafuta baadaye.

Kutwa nzima unaandika maneno ya watu, ila machache uliyoandikiwa wewe kwenye skrini hukuyasoma. Yale hayakuwa mapambo. Mashine ikiwashwa hutafuta mahali pa kuanzia. Ikikuta flashi, huenda ikaanza nayo, na isipoona humo cha kuiwezesha kuwaka, husimama na kukueleza. Tiba ni kusoma, kuizima, kuchomoa kila kilichochomekwa, kisha kuiwasha upya. Kofi halimo katika tiba hiyo, wala mawifi.

Nakusifu kwa jambo moja: ulimpata mkosaji kabla hujalijua kosa. Wapelelezi wengi hawajafikia daraja hilo.

Unataka arudi bila wewe kuaibika. Yeye aliaibishwa hadharani bila kosa, na hukuona ajabu. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Wewe uliteleza, akaangushwa mwenzio.

Basi sikiliza. Barua yake ya kuomba kazi bado imo katika laptopu hiyo. Siku ya mwisho ya kuipeleka ni lini? Hukuniandikia, maana hukumuuliza. Ichape leo, umpelekee kwa mkono wako. Nenda mchana, na uongozane na jirani na mawifi wale wale, kwa kuwa waliosikia tuhuma wana haki ya kusikia na toba. Mwanao usimtume; ulimi haukuwa wake. Mwambie mkamwana wako, "Mwanangu, kosa ni langu, nisamehe." Ukifika hapo, nyamaza. Ukihisi neno "lakini" linakupanda kooni, omba maji ya kunywa.