Jiko la Kioo la Mama Muchiri

Nelima,

Uji wa Mitchelle uko kwa thermos. Asitoke bila sweta, bado anakohoa.

Asubuhi uliponiambia vile jana uliponishikia kazi ulisugua jiko la umeme la kioo la Mama Muchiri na majivu na waya wa kusugulia sufuria mpaka likawa safi, niliendelea kukoroga uji. Ulikuwa umefurahi sana. Kioo hakisuguliwi, Nelima, kinakwaruzika. Unangoja kipoe, unapangusa na kitambaa chenye maji, basi. Nilikuandikia hayo yote kabla niende mtihani, ukaniambia kuosha jiko hakuhitaji masomo ya jioni.

Sasa naenda kwake Kawangware kuona kama bado niko na kazi. ~~Nitamwambia ni wewe.~~ Nitamwambia ni mimi.

Sufuria ya ugali nimeiloweka. Hiyo ndiyo ya kusugua na majivu.

Mke wa kakako,
Mama Mitchelle